Nilimwita Wifi Yangu Mwizi, Betri ya Oksijeni Ikiwa Inaisha

Piii… piii… piii…!

Mashine ya oksijeni ya mama mkwe ilikuwa inalia. Nikaangalia kioo chake. Umeme ulipokatika kilisema betri imejaa. Sasa hivi kinasema robo!

"Odalys…" Mama aliniita, sauti inakatika. "Mbona… inapiga kelele?"

"Hamna kitu, Mama. Pumua taratibu."

Hamna kitu! Jamani, kifuniko cha betri nacho kikagoma kufunguka. Nilipokifungua nikaona alama nyekundu ya rangi ya kucha.

Nikaisogeza usoni, nikaitazama tena.

Alama ile niliichora mwenyewe, kwenye betri KUUKUU! Ile niliyoitoa kwa mikono yangu nikaweka mpya!

Sasa mpya iko wapi?!

Mama Eduviges, mama wa mume wangu, mapafu yake yamechoka. Anaishi kwa mashine hii, ndogo ya kuning'iniza begani, bomba lake puani. Umeme ukiwepo tunaichomeka ukutani. Usipokuwepo, betri ndiyo inamshikia roho.

Hapa mjini kwetu Holguín umeme kukatika ni kawaida, ila mtaa wetu tuko laini moja na pampu ya maji ya mji, kwa hiyo hatuguswi. Wenzetu wanapikia mkaa gizani, sisi tunakula wali na maharage meusi feni inazunguka. Tulikuwa tunaringa nyie!

Mchana ule gridi ya kisiwa kizima ikaanguka. Na pampu yenyewe chali.

Ile betri mpya mume wangu Osmel aliituma miezi mingi iliyopita kutoka ng'ambo, huko Tampa anakofanya kazi, ndani ya begi la msafiri. Nilimsumbua kwenye simu mpaka akanichoka: "Usichukue ya bei chee! Hakikisha ni ya mashine hii hii! Angalia imetengenezwa lini, maana betri ikikaa dukani nayo inazeeka!" Akahangaika, akaipata.

Na nyumba hii anayejua thamani ya betri ni mmoja tu.

Wifi yangu, Yamisleidis! Anakaa ghorofa ya juu. Anabeba abiria kwa pikipiki ya umeme, na pembeni ananunua na kuuza betri. Juzi tu alimsafishia Mama chujio la mashine, wakiwa wawili chumbani. Alipotoka akaniambia, "Wifi, betri kama hizi mjini zinagombaniwa."

Damu ikanichemka. Nikatoka mlangoni, mtaa mzima uko nje unaulizana habari za umeme.

"Yamisleidis! Mwizi mkubwa wewe! Umemuuza mama yako mzazi!"

Alikuwa anafuta pikipiki yake. Akanyanyua kichwa.

"Unaongea na mimi?"

"Betri ya Mama umeipeleka wapi?"

"Wifi, umekunywa?"

"Nilewe nini! Mashine ina betri kuukuu na inakufa sasa hivi!"

Kitambaa kikamdondoka. Akaishika pikipiki usukani, akaipandisha ngazi za mlangoni, ikaingia mpaka sebuleni na matope yake.

"Unafanya nini?!"

"Niletee waya wa ukutani wa mashine!"

Akapanda kwake mbio, akarudi na inveta, lile boksi linalogeuza umeme wa betri uwe kama wa nyumbani. Akafungua kiti cha pikipiki, betri yake iko chini pale, akaanza kuunga nyaya.

"Unataka kumlipua kabisa?"

"Odalys, funga mdomo au toka nje!"

Piii… Halafu kimya.

Mashine ikazima!

Mama aliinama mbele, mikono magotini, mabega yanapanda na kushuka. Midomo ikaanza kugeuka rangi. Nikashika gazeti nikampepea. Upepo wa gazeti utamsaidia nini mtu anayetafuta oksijeni? Lakini ningefanya nini? Hospitali iko upande wa pili wa mji na magari hayana mafuta. Niliogopa, ndugu zangu. Niliona namzika.

"Mama nitazame. Mama! Usilale!"

"Wifi, chomeka kwenye inveta!" Yamisleidis akanipigia kelele.

"Tundu silioni!"

"Kulia! Kulia kwako!"

Nikachomeka.

Taa ya kijani… ikawaka. Mashine ikaguna, ikaanza kupuliza.

Tulikaa chini wote wawili tukimwangalia midomo mpaka rangi ikarudi. Mama akafumba macho, akavuta hewa ndefu. Mimi na ulimi wangu usio na likizo, nikageuka.

"Haya, umemuokoa. Lakini ile mpya umemuuzia nani?"

Yamisleidis akanitazama, machozi yamemjaa. Kabla hajafungua mdomo, Mama akainua kidole.

"Kabatini… nyuma ya mashuka mapya."

"Nini, Mama?"

"Betri. Niliiweka mimi."

Weeeee!

Nikafungua kabati. Sabuni za kunukia ambazo hazijafunguliwa tangu zije. Taulo bado na lebo. Huku kwetu wazee ndivyo walivyo, kilichotoka ng'ambo hakitumiki, kinangoja. Na nyuma ya mashuka, betri, imeviringishwa nailoni tatu.

"Mwanangu kahangaika nayo," Mama akasema. "Ukutani umeme upo, niichakaze ya nini? Ulipotoka tu nikairudishia ile ya zamani. Hii nikaiweka ya siku mbaya."

"Mama! Siku mbaya ndiyo leo!"

"Basi ichukueni, iko mpya kabisa."

Nikaifungua. Ilikuwa imevimba tumbo, hata kwenye nafasi yake haikuingia.

"Usiichaji hiyo, itawaka moto!" Yamisleidis akaninyang'anya, akaenda kuiweka uani kwenye saruji. Akarudi. "Mama, miezi yote hiyo kwenye joto la kabati, bila kuchajiwa hata mara moja? Betri haitunzwi kama sabuni."

Mama akalia. Uchungu wa kitu cha mwanawe ulimuuma kuliko kifua.

Nikamsogelea wifi. "Nisamehe," nikasema chini chini.

"Sikusikii."

"Nisamehe, wifi."

"Kuniita mwizi ulisikika mpaka kwenye kona. Msamaha ndiyo unanong'ona?"

Nikatoka mlangoni. Aibu? Nilikuwa nayo tele!

"Jamani sikieni! Yamisleidis hajaiba kitu! Mdomo wangu ndio mbaya! Amemuokoa Mama! Betri aliificha…"

"Odalys!" Sauti ikatoka ndani, safi, yenye hewa ya kutosha. "Ukinitaja nakufa kweli!"

Mtaa mzima ukaangua kicheko. Wifi naye akacheka, akilia.

Haya, nyie wenye mgonjwa wa mashine nyumbani, msikilize. Kile kioo msikiamini. Siku umeme upo na mgonjwa hajambo, chomoeni mashine mkiwa mmekaa naye hapo hapo, muone betri inamchukua muda gani, halafu muirudishe ukutani. Ya akiba nayo ipewe zamu yake kwenye mashine, ichajiwe, ikae pasipo na joto. Betri haitaki kuheshimiwa, inataka kufanya kazi.

Na wewe mwenye mdomo kama wangu, kabla hujamwita mtu mwizi mbele ya mtaa, anza na kabati la mama.