Uso wa Kioo cha Nyuma

Mume wangu Arcade aliniambia nikachukue mchele kwenye gari kabla giza halijaingia. Alikuwa ametoka nao Sibwesa, amechoka, anataka kuoga. Nikafunga kitenge, nikachukua ufunguo, nikaenda nyuma ya nyumba alikoegesha Noah.

Ndipo nikakutana na Gaudensia.

Si yeye mwenyewe. Ni uso wake, umejaa kioo chote cha nyuma, shela kichwani, midomo myekundu. Chini yake maandishi ya dhahabu: GAUDENSIA MAGAUNI YA HARUSI, NSEMULWA. Mume wangu alikuwa akimbebea maharusi wake kila Jumamosi. Hilo nililijua, nikalimeza. Lakini uso wake kulala uani kwangu? Hilo halimezeki.

Na kuna lililoniuma zaidi. Mimi ni fundi stika. Bajaji na Hiace za mji huu zimepita mikononi mwangu, kibanda changu kilikuwa hapo hapo mbele ya nyumba. Leo mume wangu kampelekea fundi mwingine kioo chake. Kwa nini? Kwa sababu alijua ningemuuliza maswali.

Nikaikagua ile kazi nikitafuta kosa. Ilikuwa stika ya matundu, ile ambayo aliye nje anaona picha na aliye ndani anaona barabara tu. Haikuwa na kiputo hata kimoja. Vumbi halikuwa limenasa popote, na nyie mnajua vumbi letu la kiangazi. Kazi ilikuwa safi kuliko yangu, na roho ikaniuma upya.

Nikafungua mlango, nikaingia kuvuta gunia. Humo ndani kulikuwa na harufu ya gundi, na katikati yake harufu nyingine... ya nywele zilizoungua. Nikageuka nitazame nje kupitia kioo.

Sikuona nje.

Niliuona uso. Kwa upande wa ndani. Gaudensia alikuwa ananitazama.

Stika ya aina hiyo haina picha upande wa ndani. Ndani ni nyeusi tupu. Nimebandika za kutosha, najua ninachosema. Mwingine angekimbia, lakini mimi nilikasirika. Hata humu ndani ya gari ananifuata?

Nikaenda kibandani, nikarudi na chupa ya maji ya sabuni, birika la maji ya moto na kisu cha kukwangulia. Nikaanza kwenye kona, kwa nje.

Krrr... krrr...

"Polepole, dada."

Sauti ya kunong'ona, nyuma ya sikio langu. Nikageuka. Mwanaume mwembamba, begi begani, vidole vyeusi kwa gundi. Lango nilikuwa nimelifunga, na sikulisikia likifunguka. Ile harufu ya nywele ilikuwa inatoka kwake.

"Wewe ndiye uliyebandika hii?"

"Ndiyo mimi."

"Toka kwangu."

"Natoka. Mumeo alisema nisihangaike kutoa za zamani, nibandike juu yake. Nami nikabandika."

Fundi yeyote anajua stika haibandikwi juu ya stika. Kioo kinakwanguliwa kwanza, kinaoshwa, kinabaki kitupu. Na kioo hiki nilikuwa nakiona kitupu kila siku.

"Za zamani zipi?" nikamuuliza.

"Wapo chini yake," akanong'ona. "Anayebandua ndiye anayechagua nani abaki. Ukiufikia uso wako... acha."

Nikainama kuokota kisu kilichonidondoka. Nilipoinuka hakuwepo. Lango lilikuwa limefungwa vile vile.

Kama alitaka kunitisha, alikosea mtu. Nikavuta kwa mikono miwili. Uso wa Gaudensia ukatoka mzima, ukaanguka chini, na vidole vyangu vikahisi ulikuwa na uvuguvugu. Chini yake palikuwa na mwanamke mwingine.

Simjui. Hereni kubwa, anacheka. Kumbe tuko wengi, nikasema. Nikamkwangua. Chini yake akatokea Spès, yule binti wa Mishamo aliyechumbiwa na Arcade kabla yangu, ambaye sijapata kumwona ila kwenye picha ambayo Arcade aliificha. Huyo nilimkwangua kwa raha. Maji ya sabuni yakatiririka hadi kwenye bampa, mekundu.

Kisha nikajiona mimi.

Mimi wa siku ya harusi. Mwanya wangu, mashavu yamejaa, shela la kuazima. Nilikuwa mzuri, jamani. Macho yale yalikuwa yanamtazama mtu aliyesimama kando ya mpiga picha, na mtu huyo alikuwa Arcade, siku ambazo alikuwa hajui kumtazama mwanamke mwingine.

Ningeacha. Niliambiwa niache. Lakini nilimtazama yule msichana nikaona kwamba ndiye aliyependwa. Mimi wa leo, mwenye vidole vilivyochubuka na gundi kwenye nywele, sijabandikwa popote. Nikamwonea wivu. Ndiyo, nilijionea wivu mwenyewe, tena mkali kuliko wa Gaudensia.

Nikaweka kisu chini ya kidevu chake. Nikasukuma.

Sikusikia maumivu. Ubaridi tu usoni. Kioo kikabaki kitupu, naona mpaka usukani. Nikacheka peke yangu, nikasema sasa mume ni wangu.

Mlango wa nyuma wa nyumba ukafunguka. Arcade alitoka na taulo shingoni, akakitazama kioo, akanitazama mimi. Hakukasirika. Sura yake ilikuwa na adabu, ile adabu ya watu wasiojuana.

"Habari za jioni, mama. Nikusaidie nini?"

"Arcade, acha utani."

Akarudi nyuma kidogo. "Samahani, tunafahamiana?" Kisha akageukia ndani. "Goreth, kuna mgeni huku nje. Njoo umsikilize."

Nikafungua mdomo niitike jina langu.

"Nakuja."

Ilijibu sauti yangu. Kutoka jikoni kwangu.

Akatoka akifuta mikono kwenye kitenge. Mwanya ule, mashavu yale: yule msichana wa kwenye kioo. Arcade akamshika kiuno mbele ya mgeni, na mimi ndiye mgeni. "Karibu dada," akasema yule Goreth, "unaonekana umetoka mbali." Wakanipa ugali na migebuka, nikala, kwa sababu sikujua pa kwenda. Arcade hakuondoa macho kwake mpaka tulipomaliza.

Kesho yake nilikwenda duka la magauni. Mwenye duka alikuwa mwanamke mwingine, akaniambia hajawahi kumsikia Gaudensia yeyote Nsemulwa. Sitawadanganya kwamba nilisikitika.

Siku hizi niko Kasansa, nabandika stika za pikipiki kando ya barabara. Kila Jumamosi ile Noah hupita na maharusi, Arcade na Goreth wake wamekaa mbele, mke kaegemea bega la mume. Arcade hupunguza mwendo, hunipigia honi na kunipungia mkono, kama anavyomsalimia mtu yeyote wa barabarani.