Jumanne Tuliyowafungia Vijana Nje

Mimi naitwa Menna. Nina miaka sitini na minane, na magoti yangu yana zaidi. Kila asubuhi nafagia ukumbi wa mtaa wetu, hapa bondeni Wales, mahali ambapo mvua haina huruma. Kisha narudi nyumbani kumwamsha mjukuu wangu Eleri, ambaye hataki kuamka.

Eleri ana miaka kumi na mitano. Mama yake, binti yangu, alifariki miaka minne iliyopita. Tangu hapo mtoto hujifungia chumbani. Shule huenda siku anayotaka. Mimi hunijibu "ndiyo" na "sijui". Mahali pamoja tu ndipo anapocheka, napo ni klabu ya vijana, kila Jumanne jioni pale ukumbini.

Klabu ina mhudumu wa vijana, kijana mpole anayeitwa Gethin. Yeye si mwalimu wala si polisi. Anacheza nao tenisi ya meza, anawachomea mkate, anawasikiliza. Siku moja nilimuuliza siri yake ni nini.

"Sina siri, Bi Menna," alisema. "Nakuja kila Jumanne, basi."

Lakini Gethin alikuwa mhudumu wa tatu katika miaka minne. Wa kwanza mkataba wake uliisha, akaenda. Wa pili vivyo hivyo. Kila mmoja alipoondoka, klabu ilifungwa kwa miezi, na Eleri akarudi chumbani kwake. Mkataba wa Gethin nao ulikuwa unaisha mwisho wa Machi. Nilikuwa nimechoka hata kukasirika.

Januari ikaja barua. Serikali ilikuwa inapanga kuunda chombo cha taifa cha kusaidia huduma za vijana. Afisa angekuja kukusanya maoni yetu. Mzee Idwal, mwenyekiti wa kamati ya ukumbi, akaniita.

"Menna, tumpangie siku gani huyu?"

"Jumanne," nikasema. "Hita huwashwa Jumanne. Atakuta ukumbi una joto."

"Na klabu je?"

"Wiki moja tu, Mzee. Hawatakufa."

Kweli nilisema hivyo. Hapa kwetu hita ya ukumbi ni jambo zito. Hata harusi tumewahi kuiahirisha kwa sababu yake. Nikabandika karatasi mlangoni: LEO HAKUNA KLABU. KUNA MKUTANO KUHUSU VIJANA. Nikajiona nimefanya kazi nzuri.

Jumanne ilipofika tulikuwa watu tisa. Ukimtoa Gethin, mdogo wetu alikuwa na miaka hamsini na mitano. Afisa aliitwa Bi Heledd. Macho yake yalikuwa mekundu kwa uchovu, maana alikuwa amezunguka mabonde sita wiki ile. Nilimpa chai kabla hajaomba.

Mzee Idwal alianza. Alisema vijana wa siku hizi wanahitaji bendi ya tarumbeta, kama yeye alivyokuwa nayo. Mwingine akataka wafundishwe kulima bustani, hasa bustani yake. Kila mwamba ngoma, ngozi huivutia kwake. Bi Heledd akaandika, akaandika, kisha akaweka kalamu chini.

"Samahani, wazee wangu. Vijana wenyewe wako wapi?"

Gethin akanyoosha kidole dirishani. Walikuwa nje, saba au wanane, wamejibana chini ya paa dogo la mlango. Walikuja kwa mazoea. Eleri alikuwa anasoma karatasi yangu.

Nikaenda kufungua mlango. Eleri hakuingia.

"Bibi, umetufungia nje ili mkae ndani mtuzungumzie?"

"Nilifikiria hita, mjukuu wangu."

"Hita!" Akawageukia wenzake. "Jamani, tumefukuzwa na hita!"

"Bibi yako noma," mmoja akasema, wakacheka.

Mimi sikucheka. Niliona aibu mpaka masikioni. "Nimekosa," nikawaambia. "Ingieni, mnalowa."

Wakaingia, wakakaa. Eleri akamkazia macho Bi Heledd.

"Hicho chombo chenu ni klabu kubwa, au nini?"

"Hapana," alisema Bi Heledd. "Klabu zitabaki zenu. Leo bonde moja lina mhudumu, jingine halina. Mkataba ukiisha, hakuna anayeulizwa. Tunafikiria pawe na chombo kimoja kinachoangalia nchi nzima. Kihakikishe wahudumu wanafunzwa vizuri, kidai mikataba iwe mirefu, na vijana wawe na viti pale panapoamuliwa mambo. Lakini ni mpango tu. Tunaweza kuupanga vibaya, ndiyo maana nimekuja kuuliza."

"Kitamzuia Gethin asiondoke Machi?"

"Hapana. Sitakudanganya. Kitachukua muda mrefu."

Gethin alitazama sakafu. Eleri akasema, "Basi andika hivi. Wahudumu watatu nimewaeleza jinsi mama yangu alivyokufa. Kila mmoja akienda, anayefuata hajui kitu, naanza upya. Mimi sianzi tena. Mtu akitaka kuondoka, mwenzake aje kwanza. Wakae hapa wote wawili, tumzoee."

Kwa miaka minne sikuwahi kumsikia akisema maneno mengi hivyo. Nililia mbele ya Mzee Idwal, na sikujali.

Bi Heledd aliandika yote, akamsomea. "Hili hatukuwa nalo," alisema.

"Hili halina haja ya kungoja chombo," Gethin akasema. "Tuwaombe halmashauri sasa."

Tuliwaomba. Tuliandika barua nne, tukapiga simu mpaka wakaijua sauti ya Mzee Idwal. Safari hii vijana wenyewe walitia sahihi. Mkataba wa Gethin haukuongezwa. Lakini mhudumu mpya, Manon, aliletwa mwanzo wa Machi badala ya miezi baadaye.

Jumanne nne walifanya kazi pamoja. Ya kwanza Eleri hakumtazama. Ya tatu alimshinda tenisi ya meza. Ya mwisho tulimuaga Gethin kwa keki, na iliniuma.

Jumanne iliyofuata nilingoja Eleri ajifungie. Saa kumi na mbili jioni alishuka ngazi na koti lake.

"Nipishe, Bibi, nimechelewa. Manon hajui lolote kule."

Chombo cha taifa bado kinapangwa. Rasimu imekuja, na ombi la Eleri limo ndani, ingawa anasema wamelipunguza. Mikutano siku hizi tunaifanya klabuni, vijana wakiwepo.

Juzi alirudi kutoka klabu, akakaa nami jikoni, nilipokuwa nasikiliza redio, badala ya kupanda chumbani.

"Manon hajaniuliza habari za mama," alisema. "Gethin alimwambia asiniulize, angoje nianze mwenyewe."

"Na utaanza lini?"

Aligeuza kikombe mkononi.

"Nafikiri nianze na wewe, Bibi."

Nikazima redio.