Rangi ya Dashibodi

Rangi mpya inanuka rangi, hata mtoto anajua. Hii ilinuka jasho la mtu.

Kinyozi alijipa moyo kwamba harufu itaisha. Kiburi tu kilimponza! Fundi alimwambia amwachie gari lake kuukuu ampakie plastiki za ndani, dashibodi na milango, yeye akacheka: "Kupaka rangi nako kunataka fundi?" Akapiga msasa mwenyewe uani, na alipokosa kitambaa cha kufutia vumbi, mkewe aliyekuwa akifua akavua mtandio uliolowa jasho, akamrushia. "Shika, usinisumbue." Akafutia, akapaka. Nyeusi, ikang'aa, majirani wakaja kuchungulia.

Sasa kila alipofunga milango alisikia pumzi ya mtu aliyelala. Mchana kweupe, jamani. Akasema potelea mbali, rangi hii naitoa. Akashika msasa, akasugua dashibodi mara moja tu, na mkewe akapiga ukelele jikoni, kinyozi akakimbia na msasa mkononi akamkuta amekaa chini ameushika mkono, na mkono ule umechunika kutoka kiwiko hadi kifundo, na hakuna moto, hakuna kisu, hakuna kitu chochote karibu yake.

Bibi mganga alipoitwa hakuingia garini. Alinusa mlangoni, akarudi nyuma.

"Ulifutia nini kabla ya kupaka?"

"Mtandio wa mke wangu, Bibi."

"Ole wako, mwanangu! Jini wa humu alikuwa amelala, hana habari na mtu. Wewe umempa jasho la mkeo, ukalifunika na rangi. Ameshamvaa."

"Mtoe, Bibi. Nakupigia magoti."

"Nikimtoa, anatoka na ngozi ya mkeo." Akasema kwa kunong'ona, mkewe asisikie. "Usiiguse tena rangi hiyo."

Kinyozi akalifunika gari turubai, asiliguse. Alimpenda mkewe, tusimsingizie. Lakini jua lilipokuja kali, alisikia kitu kinachanika mle ndani, polepole. Akafunua turubai, akachungulia kiooni. Joto lilikuwa limeipasua rangi, inajikunja na kubanduka yenyewe kipande kwa kipande, na hapana mkono wa kuizuia.

"Baba watoto," mkewe akaita chumbani, kwa sauti ya chini. "Hebu njoo unitazame mgongoni."

"Nakuja," akasema kinyozi. Akarudisha turubai kwanza.