Gari Lililokataa Kurudi Nyuma

Jua lilikuwa limeanza kushuka nyuma ya mabati ya Garsen pale Mramba alipofuta mikono yake na kumwambia Bi Nadhira watoke wakalijaribu gari barabarani. Kazi ya nusu saa. Kwenda na kurudi, kisha kila mtu ashike njia yake.

Gari lenyewe lilikuwa jeusi, la Kijerumani, la miaka ya tisini, viti vya ngozi, aina ile waliyokuwa wakipanda mawaziri. Lilikuwa la marehemu Harith, mume wa Bi Nadhira, mfanyabiashara wa Kipini aliyechukuliwa na mafuriko mwaka juzi. Mjane alilileta na lalamiko moja tu: mbele linakwenda, nyuma halirudi. Kila alipoegesha vibaya, ilibidi watu waje walisukume.

Mramba alikuwa fundi wa giaboksi za otomatiki. Kazi hiyo aliisomea Malindi, na hapa Garsen hakuwa na mpinzani. Siku ya kwanza alichomoa kijiti cha kupimia oili akakuta oili si nyekundu kama ipasavyo. Ilikuwa kama chai ya maziwa. Maji yameingia, akajisemea. Akaimwaga, akafungua sampu, lile bakuli la oili chini ya giaboksi, akabadilisha filta na gasketi, akatia oili mpya. Kesho yake akapima tena.

Chai ya maziwa.

Akaishuku redieta, kwa sababu oili ya giaboksi hupitia humo ikapoe, na pakitoboka maji hupenya. Akaifungua, akaijaribu kwa upepo. Nzima. Akamwaga oili mara ya pili. Mara ya tatu. Hiyo mara ya tatu alinusa vidole vyake, na havikunuka oili wala maji ya redieta.

Vilinuka tope la mto.

Lakini kilichomkosesha raha zaidi kilikuwa kingine. Akiwa peke yake kwenye usukani, rivasi, gia ya kurudi nyuma, ilishika vizuri kabisa. Bi Nadhira akiingia, hata akikaa kiti cha nyuma, injini ilinguruma na gari halikusogea.

"Lanijua," Bi Nadhira alimwambia siku moja, bila kucheka.

Basi jioni hiyo walitoka wote wawili. Walipita Minjila, wakashika njia ya kwenda pwani. Gia zilibadilika laini, ya kwanza, ya pili, ya tatu, huwezi hata kuhisi. Mramba alianza kupumua. Miezi mitano ardhi ile haikuwa imeonja mvua, na vichaka vyote vilikuwa vyeupe kwa vumbi.

"Hapo mbele kuna njia ya udongo, yashuka bondeni," alisema Bi Nadhira. "Shuka nayo. Ndipo lilipoanzia."

Mramba hakupenda. Lakini fundi huenda ugonjwa ulipoanzia. Akakunja.

Giza lilikuwa likiingia. Akawasha taa. Kadiri walivyoshuka, harufu ile ilizidi kupanda... tope, majani yaliyooza, maji yaliyolala. Ilikuwa ndani ya gari, si nje.

Kisha taa zikamulika maji.

Maji ya kahawia, yakikata njia polepole. Mramba akakanyaga breki.

"Mama, hapa kuna mto?"

"Hakuna."

Chwa... chwa... chwa...

Mtu alikuwa akitembea majini mbele yao. Mgongo wake kwao, suruali imekunjwa hadi magotini, anapapasa njia kwa miguu. Mkono mmoja aliuinua nyuma ya kichwa chake, ukawa unapunga. Njooni... njooni...

Mguu wa Mramba ulikuwa umekandamiza breki hadi chini. Gari likatambaa vivyo hivyo.

Akatia rivasi. Akakanyaga mafuta. Injini ikalia, na gari likazidi kwenda mbele.

"Yuwatuita," alinong'ona Bi Nadhira.

"Ni nani?"

"Usiku ule nilikuwa hapo ulipokaa wewe. Harith alishuka apime maji kwa miguu. Akanipungia nimfuate. Nikaona maji yapanda mlangoni... nikatia rivasi. Watu wote niliwaambia gari lilizimika." Akayakazia macho maji. "Alipogeuka, aliona taa zaenda nyuma."

Matairi yakaingia majini. Bi Nadhira akashika kitasa cha mlango.

"Mama, usishuke."

"Nimechoka kusukumwa na watu, fundi."

Akashuka.

Papo hapo rivasi ikashika. Gari likafyatuka kinyumenyume na Mramba ndani yake, mguu wake bado uko kwenye mafuta. Kupitia kioo cha mbele alimwona Bi Nadhira, buibui limelowa, akigeuka mara moja kuzitazama taa zinazomkimbia.

Alipopata kulisimamisha alikuwa juu kabisa ya mteremko. Akaruka nje, akakimbia kurudi chini huku akimwita.

Bonde lilikuwa kavu. Vumbi tupu. Nyayo za ndara za Bi Nadhira zilifika katikati ya njia, na pembeni yake nyayo za miguu mitupu, mikubwa.

Hapo katikati zote zikaisha.

Polisi walitafuta siku mbili. Walimhoji Mramba, naye hakuwa na la kuwaambia ambalo wangeliandika. Siku ya tatu simu yake ikalia. Ni Abdulnasser, kaka yake Bi Nadhira. Dada yake ameonekana Chara, mbali kule mto unakoteremkia, amekaa ukingoni. Mzima. Nguo zake kavu.

Mramba alipanda bodaboda hadi huko. Alimkuta ndani ya nyumba ya jamaa zake, anakunywa uji, uso umetulia kama wa mtu aliyelala usiku kucha.

"Alinivusha," alisema kwa sauti ya chini. "Tumesameheana."

"Afadhali, mama," Mramba akajibu.

Bi Nadhira akakitua kikombe.

"Lakini alikuona wewe ukirudi nyuma ukaniacha. Akaniuliza jina lako."

"Ukamwambia?"

Bi Nadhira akainama, akaendelea na uji wake.