Injini Ilikuwa Baridi

Maiti ilikuwa imelala chali mbele ya gari la kale, uso umebabuka kwa maji ya moto, mfuniko wa rejeta mkononi. Boneti ilikuwa wazi. Injini ilikuwa bado inafuka mvuke.

Inspekta alichuchumaa kando yake, akajikaza kuutazama ule uso. Miaka yote kazini alikuwa hajazoea. Na gereji yenyewe haikumpendeza: finyu, haina dirisha, mlango mmoja tu wa bati wa kuvutwa chini.

"Ilikuwaje, mzee?" alimuuliza mwenye gari.

Alikuwa mfamasia mstaafu, nadhifu, msemaji wa sauti ya chini.

"Alikuja kulikagua kwa niaba ya mnunuzi. Alifungua rejeta injini ikiwa inachemka. Nilimwambia asubiri, hakusikia. Mvuke ukamrukia, akaanguka kinyumenyume, kichwa kikagonga sakafu."

"Uliliwasha wewe?"

"Yeye, binti yangu."

Sajini wake aliandika. Ilionekana ajali, basi. Lakini Inspekta alipotoka nje alijikuta anajifuta viganja kwenye suruali, na havikuwa na uchafu wowote.

Marehemu aliitwa Kiganja na kila aliyemfahamu. Mjane wake aliwapokea sebuleni, macho yamemvimba.

"Rejeta ya moto, afande? Mume wangu?" Akatikisa kichwa. "Unajua kwa nini walimwita Kiganja? Akiitwa kukagua gari anapiga simu mapema: msiliwashe mpaka nifike. Akifika, kabla hata ya salamu kuisha, anaweka kiganja kwenye injini. Ikiwa na joto anaaga, anajiendea zake. Alisema anayepasha injini kabla ya mnunuzi kufika ana kitu anakificha. Gari linawaka kwa shida, au linachemka."

"Na ikiwa baridi?"

"Ndipo anafungua rejeta. Anaangalia maji kama yana kutu au mafuta. Anabinya mipira ya maji, anatikisa feni. Halafu anaingia chini. Kuwasha ni mwisho kabisa, na mfuniko unakuwa umesharudi mahali pake."

Jioni daktari wa uchunguzi wa maiti alipiga simu. Hakuzunguka.

"Ngozi iliyoungua haina malengelenge, haina wekundu. Maji yalimkuta ameshakufa. Na kisogoni kuna majeraha mawili, Inspekta. Mtu haanguki mara mbili."

Asubuhi walirudi, yeye na sajini. Mfamasia aliwafungulia gereji. Sajini akaenda kupekua nyuma ya nyumba kutafuta silaha. Inspekta akawasha tochi, akajiingiza chini ya gari, mahali ambapo Kiganja angeishia.

Kila kitu kule kilikuwa kikuukuu, chenye vumbi la miaka. Rejeta peke yake ndiyo iliyokuwa mpya. Chuma kilichoibeba kilikuwa kimenyooshwa kwa nyundo na kuchomelewa upya. Akaingiza kidole kwenye pembe ya chuma hicho. Kitu kikamkwaruza. Akakivuta: kipande cha kioo chekundu, cha taa ya nyuma ya baiskeli.

Akalikumbuka jalada moja. Mwaka uliopita mkunga mmoja aligongwa na gari akiwa juu ya baiskeli, barabara ya hospitali. Aliyemgonga hakusimama, na hakujulikana.

Mlango wa bati ukateremka. Giza likaingia, akabaki na mwanga wa tochi na miguu miwili ya mzee ikimjia, polepole. Kando ya mguu wa kulia ulining'inia mpini wa jeki.

"Toka, binti yangu," sauti ilisema. "Utachafuka."

Kichwa chake kilikuwa upande wa ile miguu. Kutoka ni lazima kichwa kitangulie. Alitaka kumwita sajini, sauti ikagoma. Akafanya kitu pekee alichokiweza. Akauliza, kama aulizavyo kila siku.

"Mzee, Kiganja alikuuliza nini?"

Miguu ikasimama.

"Aliipapasa rejeta mpya kwanza," mzee alisema. "Kisha akasema: gari hili limegonga nani? Si nini. Nani. Akawa bado ameinama, ananyoosha mkono kwenye hiyo pembe."

"Ukampiga."

"Mara mbili. Injini ilikuwa baridi. Nikaiwasha mwenyewe, nikangoja ichemke."

Mpini ukapanda, ukatoka kwenye mwanga. Inspekta alibingiria upande wa pili wa gari, mgongo ukagota ukutani, akausikia mpini ukitua kwenye bampa, pale ulipokuwa mkono wake. Ndipo sauti ikamjia. Alipiga kelele mpaka kifua kikauma. Bati likatikiswa, likainuliwa kwa kishindo, na sajini akamrukia mzee kwa nyuma. Pingu zilimwingia bila ubishi.

Kituoni mzee alipewa onyo, akaambiwa haki zake. Alitaka kusema tu.

"Nilikuwa nauza ili liondoke. Kila nikiingia gereji namsikia."

"Unamsikia nani?"

"Mkunga. Alikuwa ananiita. Hakunijua, alisema tu, baba, baba. Mimi ni mfamasia, nilijua pa kukandamiza damu isitoke. Nikasimama kutazama taa ya gari ilivyopasuka. Nikaingia, nikaondoka." Akaisogelea meza. "Nimekuwa nikijiambia alikuwa ameshakwenda. Inspekta, alikuwa ameshakwenda?"

Inspekta aliiweka kalamu chini. Jalada la mkunga alikuwa amelisoma mara nyingi kupita kiasi.

"Aliishi mpaka alfajiri," alisema.