Mlembe Aliyeitwa Bure

Mlembe alijibu kabla Kefa hajapiga mluzi.

Kwa mtu mwingine hilo ni jambo dogo. Lakini Kefa hakuwa mtu mwingine. Katika vichaka vyote vya Itigi, kuanzia relini mpaka kule ambako hata mbuzi hurudi kinyumenyume kwa kukosa pa kugeukia, hakukuwa na mwongoza wageni aliyejua ndege kama yeye. Alikuwa na mwanya kwenye meno ya mbele, na kwa mwanya huo angeita ndege yeyote akaja, hata aliyekuwa akiatamia mayai angeaga mayai akaja. Wapo wanaosema hapo nimetia chumvi. Hao hawakumsikia.

Mlembe ndiye aliyempa jina. Ni ndege mdogo wa kijivu anayempeleka mtu kwenye asali: anaruka mbele, anatua, anapiga kelele, anageuka kuangalia kama unafuata. Warina asali humwita, humfuata, na wakishavunja mzinga humwachia kipande cha sega. Kefa alimwita ili wageni wapige picha. Picha ikipatikana, anampa mgongo.

"Shemeji," alisema Deo, kaka wa mkewe, aliyekuwa amebeba dumu la maji, "huyo huitwa kwa kazi. Marehemu baba alisema ukimwita, umfuate."

"Baba yako alikuwa na mizinga. Mimi nina wageni."

Mwalimu Theodora, mgeni wao kutoka Dodoma, alikuwa na darubini machoni. "Mbona simwoni? Sauti si hiyo hapo?"

Ilikuwa hapo, kwenye tawi kavu juu ya vichwa vyao, na juu ya tawi hapakuwa na kitu. Jua lilikuwa utosini. Ikaja harufu ya asali iliyoungua, na ndani ya harufu hiyo, ukivuta sana, nywele zilizoungua.

Kefa alitazama njia ya kurudi. Lakini mtu mwenye jina hakimbii mbele ya mgeni. Akapiga mluzi wake.

Kichaka kikamrudishia mluzi uleule, na upepo wa mwanya wake.

"Umefanyaje hapo?" aliuliza Theodora. Kitambaa chake cha kichwa kilikuwa kimenasa kwenye miiba, na Kefa aliinama kukinasua. Akiwa ameinama hivyo, mdomo umefungwa, alisikia sauti yake mwenyewe ikitoka ndani kule kwenye giza la matawi.

"Deo, njoo shemeji. Asali hii hapa, chukua na ya watoto."

Deo alitua dumu, akainama, akaingia.

"Deo, si mimi!" alipaza sauti Kefa.

"Deo, si mimi," kilijibu kichaka, kwa sauti yake, kikicheka.

Walimtafuta mpaka jua likazama, na kesho yake kijiji kizima kikatoka na mapanga na mbwa. Mbwa walifika pale pa harufu wakalala chini. Magreth, mke wa Kefa, alikaa ukingoni mwa kichaka akiwa amepakata lile dumu, na hakumruhusu mtu kunywa.

"Maji ya kaka yangu haya. Hajanywa tangu jana."

"Mama Joyce, nimetafuta mpaka..." alianza Kefa.

"Ulimpeleka wewe. Mrudishe wewe."

Ndipo akaitwa Obadia, mganga ambaye pia ni fundi baiskeli, na alikuja na chetezo mkono mmoja, grisi mkono mwingine. Alifukiza ubani. Moshi ukainama, ukaingia kichakani kama umeitwa.

"Umemwita mara ngapi bila kumfuata?" alimuuliza Kefa kwa kunong'ona.

Kefa alianza kuhesabu kwa vidole, vikamwishia.

"Basi umeita ndege, kaja jini. Mfuate mpaka mwisho, halafu mpe fungu lake."

"Fungu gani?"

"Ningelijua ningekutajia bei. Nenda, mdogo wangu, kaka mtu anakufa na kiu."

Kefa akaingia kichakani kwa magoti, na sauti yake mwenyewe ikamtangulia, inaita, inanyamaza, inangoja, inaita tena, miiba ikimchana shati kisha ngozi, harufu ya nywele ikimjaa kooni, na kila alipotamani kugeuka alimkumbuka Magreth na dumu lake, akasogea, mpaka akafika kwenye mti mkavu wenye tundu, na chini yake Deo amechuchumaa, macho wazi, mdomo umejaa nta, nyuki wakimtembea juu ya kope bila kumuuma.

Ndani ya tundu kulikuwa na kitu kinachopumua.

Kefa alielewa fungu lilikuwa nini: ile milio yake. Aliweka mdomo kwenye tundu akapuliza. Alitoa mluzi wa mlembe, wa kanga, wa kware, wa bundi, wa kila ndege aliyemjua, na kila alioutoa ulinyonywa, na hakuacha hata milio ilipokwisha na sauti yenyewe ikaanza kumtoka kifuani kama uzi, mpaka uzi ukakatika. Nyuki wakaruka. Deo akatema nta.

Walipotoka, Magreth aliwakumbatia wote wawili kwa pamoja. Kefa alifungua kinywa amsemeshe, ukatoka upepo mtupu.

"Pancha hiyo," alisema Obadia taratibu, "mimi siwezi kuiziba."

Deo alimaliza dumu zima bila neno. Theodora aliondoka jioni ileile. Magreth alichinja jogoo.

Asubuhi, Kefa ameketi mlangoni na kikombe cha uji, Deo alitoka uani. Alitembea hatua chache, akasimama. Akageuza shingo nyuma, kichwa upande. Akatoa mlio mdogo kooni. Akatembea tena, akasimama, akatazama nyuma.

"Masikini kaka yangu, anataka kunionyesha kitu," alisema Magreth. Akajifunga kanga, akamfuata.

Kefa aliujua mwendo ule kuliko mtu yeyote duniani. Alitupa kikombe, akakimbia, akafungua kinywa kumwita mkewe, na ukatoka upepo. Mbele kule Deo alikwishainama, akaingia kwenye matawi, na Magreth alisimama ukingoni, akasita.

"Mama Joyce," iliita sauti ya Kefa kutoka ndani, tamu, ya mume wa miaka mingi. "Njoo."

"Abee," aliitika Magreth, akainama.