Kumtoa Chishimba kwenye Tramu ya Chini

Saa kumi na moja na nusu jioni Dorine alifunika cherehani yake, akakata mita mbili za kitambaa cheupe, akakikunja na kukitia kwapani. Mkononi alishika chupa ya munkoyo, kile kinywaji cha mahindi na mizizi. Alikuwa anakwenda kumchukua babu yake.

Babu huyo, Chishimba, alikufa mwaka 1957.

Kesho yake asubuhi mafundi wa barabara wangemwaga saruji kwenye mdomo wa handaki linalopita chini ya mtaa wa Kamalondo. Mama yake Dorine, Marie-Thérèse, ana miaka sabini na minane. Alipopata habari hakulia. Alimwita binti yake kando ya kitanda.

"Bakifunga, papa wangu atabakia mule," alisema. "Namungojea toka niko na miaka kumi na moja. Enda umulete. Tandika kitambaa, mwaga munkoyo, muite jina yake. Kitambaa kikikuwa kizito, njo yeye. Funga, ugeuke, usiseme neno, usiangalie nyuma mpaka ku mulango yetu. Na uende weye tu."

Hakueleza kwa nini yeye tu. Dorine hakuuliza.

Pembeni mwa barabara alimkuta mdogo wake, Dédé, anayetengeneza simu. Alikuwa amevaa sandali za plastiki za manjano, tochi mkononi. Dorine kwake alikuwa yaya, dada mkubwa.

"Yaya, unaingia mu shimo peke yako na giza hii? Mule muko bantu ba kuiba chuma. Utabafukuza na sindano?"

"Mama alisema niende mie tu."

"Mama anasemaka pia redio inasikilizaka bantu. Tuende."

Mlinzi wa pale, Liévin, alifungua mlango wa chuma kwa kulalamika. Aliwafahamu toka zamani.

"Saa kumi na mbili na nusu nafunga. Chef wetu wa kazi anapitaka, akikuta wazi, kazi yangu imekwisha."

"Na tukichelewa, Papa Liévin?"

"Mutalala na bandugu."

Dédé alicheka. Kicheko kilikwenda mbele yao, hakikurudi.

Wazee waliliita handaki hilo tramu ya chini. Ilibeba wafanyakazi kutoka Kamalondo hadi kwenye tanuru la shaba, chini kwa chini, ili wasionekane kwenye mitaa ya Wazungu. Asubuhi walishuka gizani, jioni walipanda gizani. Akina mama waliwaambia watoto kwamba batumbula, wale wateka watu wa usiku, waliwanenepesha watu humo ili wawale. Halafu siku moja paa liliporomoka juu ya behewa la mwisho, alimokuwa Chishimba. Siku ya pili kampuni ya madini ilijenga ukuta wa matofali mbele yao. Siku nne baada ya hapo, waliokuwa juu bado walisikia mtu akigonga reli.

Siku ya tano, ya sita… ndipo akanyamaza.

Walitembea hatua kama mia tatu. Harufu ilikuwa ya grisi na matofali yenye maji. Kisha mwanga wa tochi ukagonga ukuta.

Dédé alisimama nyuma. Kifua chake kilikuwa kikipiga filimbi, kama siku zote anapopata vumbi. Dorine alitandika kitambaa juu ya reli, akamwaga munkoyo.

"Chishimba," aliita. "Mutoto wako Marie-Thérèse amenituma. Simama, tuende kwetu."

Kimya. Tone la maji. Tena kimya.

Halafu reli, chini ya kitambaa…

Ti. Ti. Ti.

Nyuma yake Dédé alitoa sauti ndogo. "Mm." Kama mtu aliyeitwa usingizini.

"Chishimba. Tuende."

Kitambaa kilibonyea katikati, kama kitanda mtu anapokaa.

Dorine alikusanya pembe nne, akafunga fundo, akainua. Kilikuwa na uzito wa mfuko mdogo wa unga. Aligeuka, macho chini. Dédé alijibanza ukutani kumpisha. Aliziona sandali za manjano tu. Kisha akatembea, na tochi ikamfuata.

Pa, pa, pa, zilifanya sandali.

Mzigo uliongezeka. Hatua ya hamsini ulikuwa kama mtoto wa miaka mitatu. Hatua ya mia alilazimika kuubeba kwa mikono miwili. Ulikuwa na joto.

Ndipo aligundua kwamba sandali hazisikiki tena.

Tochi bado ilikuja. Lakini aliyeishika alivaa buti. Buti zenye misumari, juu ya mawe, bila haraka.

Kwa… kwa… kwa…

Na ndani ya kitambaa, karibu na titi lake, kitu kilipumua. Pumzi ilipiga filimbi.

Dorine alisimama. Buti pia zilisimama.

Kwenye kadi ya uchaguzi ya mdogo wake, jina la kwanza si Dédé. Alipozaliwa alipewa jina la babu, kama desturi ilivyo, na baada ya ubatizo hakuna aliyelitumia tena. Hata Dorine alilisahau. Ameingia humu akaita Chishimba, na waliokuwa na jina hilo mle ndani walikuwa wawili.

Akinyamaza, babu atafika nyumbani. Kwa miguu ya nani? Akisema, mama yake atakufa akimngojea. Mbele kule mnyororo wa Liévin ulianza kulia kwenye chuma. Saa kumi na mbili na nusu. Nyuma, harufu ya grisi ilikuwa imefika shingoni mwake.

"Dédé," alisema.

Sauti nyuma yake iliuliza, taratibu:

"Dédé ni nani?"

Alifungua fundo kwa meno. Alikung'uta kitambaa juu ya reli na kupiga kelele. "Dédé! Dédé wa simu! Dédé mwenye alianguka mu kisima ku Kampemba! Muongo weye, uliuza kinga yangu, baiskeli yangu! Dédé!" Aliita kila kitu ambacho mtu wa mwaka 1957 asingeweza kukiitikia.

Tochi ilianguka. Mtu alikohoa. Mkono wa baridi ulishika wake, na sandali zikaanza kupiga, pa-pa-pa-pa, wakakimbia.

Mlango ulikuwa umefungwa.

Dorine alipiga chuma kwa viganja. "Papa Liévin! Papa Liévin!"

"Nilisema saa ngapi, mie?" Liévin alirudi akitukana. Ufunguo uliingia, haukuzunguka. Aliutoa, akaufuta kwenye suruali, akaurudisha. Dorine alitazama nyuma sasa, kwa kuwa hakukuwa tena na amri ya kutii.

Kule mbali, tochi waliyoiacha chini iliinuka.

Ufunguo ulizunguka. Walitoka. Liévin alifunga haraka, akachungulia kwenye tundu.

"Mulikuwa bangapi?" aliuliza.

"Wawili."

Liévin alikwenda zake bila kungoja chef.

Marie-Thérèse alikuwa amekaa mlangoni. Alipokea kitambaa kwa mikono miwili, akakipima. Kilikuwa chepesi. Kisha akamwona Dédé, ameketi kwenye ngazi, akiosha tope miguuni.

"Uliingia na yeye?" alinong'ona. "Na majina wake, mwenye kuitwa jina yake?"

"Mama, hukuniambia."

"Nilisema weye tu! Wafu hawajui sura yetu, wanajua jina." Alimgeukia mwanawe. "Chishimba."

Dédé aliendelea kuosha miguu.

"Chishimba, mwanangu."

Aliinua kichwa. Macho yalikuwa yake, na kifua kilipiga filimbi ile ile. "Mama," alisema, "unaita nani?" Jina hilo halikuwa lake tena.

Ndipo kwenye kokoto za njia, nje ya ua, walisikia buti. Zilikuja mpaka kwenye mlango wa mabati. Zikasimama hapo, kama mgeni anayengoja kukaribishwa.

Uso wa Marie-Thérèse ulibadilika. Mikunjo ilibaki, lakini aliyetazama mlango alikuwa msichana wa miaka kumi na moja. Alifungua kinywa.

Dorine alikiziba kwa kiganja kabla jina halijatoka; mgeni akiitwa angeingia, na Dédé angetoweka tena.

Mama yake alipambana. Alikuwa na nguvu ambazo hakuwa nazo kwa miaka. Alimng'ata. Machozi yalipita juu ya vidole vya Dorine, na chini ya vidole midomo iliendelea kulitafuta jina.

"Yaya," Dédé aliuliza, "ni nani kule ku mulango?"

Dorine alikaza kiganja.

Saa mbili asubuhi, gari la saruji liliunguruma upande wa handaki. Waliisikia ikimwagwa. Dorine alikuwa bado hajaondoa mkono, na buti zilikuwa bado hazijaondoka.